Ombi Lako Limepokelewa

Meneja wa uzalishaji alipanda ngazi na kikombe cha chai mkononi, akasimama nyuma ya kiti cha Bofya, akapuliza chai yake, akasema kile kitufe kirudishiwe rangi.

"Kipi, bosi?"

"Kile ulichokipausha. Wakikiona kimepauka wanaanza maneno. Kirudishie kijani chake."

"Kwa hiyo nikiwashe?"

"Sijasema ukiwashe. Nimesema rangi."

Kiwanda kilikuwa kinashona mashati. Chini, katika ukumbi mmoja mrefu wenye taa nyeupe na vumbi la pamba, cherehani zilipangwa kwa mistari, na kila fundi alikuwa na kazi yake moja tu tangu asubuhi hadi jioni: huyu kola, huyu mkono wa kushoto, huyu vifungo, yule pindo. Pembeni ya kila cherehani kulikuwa na kioo kidogo kama kiganja, chenye vitufe vitatu. Cha kwanza kiliandikwa UZI UMEKWISHA. Cha pili, MASHINE MBOVU. Cha tatu, NAOMBA KUTOKA. Fundi akibonyeza cha tatu, taa iliwaka mezani kwa nyapara wa mstari, nyapara akaitikia kwa kichwa, fundi akaenda msalani, akarudi. Programu yote ya vioo hivyo aliiandika Bofya peke yake, katika ofisi ya juu yenye dirisha pana linalotazama ukumbi. Jina hilo alipewa nyumbani utotoni, kwa sababu hakuna chenye kitufe kilichowahi kukaa salama mbele yake, iwe redio, iwe tochi, iwe saa ya baba yake.

Msimu wa maagizo makubwa ulipoanza, Meneja aliamuru kitufe cha tatu kizimwe, kiwe kinawashwa wakati wa chakula cha mchana tu. Bofya alikizima, na kwa kuwa ni fundi mwenye adabu zake, alikipausha pia. Ndiyo desturi ya kazi hiyo: kitufe kisichofanya kazi hupakwa kijivu, ili mwenye kidole asijisumbue. Ni uungwana mdogo tu, kama kumwambia mgeni pale mlangoni kwamba mwenyewe hayupo. Lakini kijivu kile kiliwaudhi mafundi. Waliacha cherehani, wakasimama, wakauliza kwa sauti tangu lini mtu akaomba ruhusa ya maumbile kwa ratiba. Siku hiyo mashati hayakutimia.

"Kikae kijani," alisema Meneja. "Mtu akikibonyeza, kididimie kama kawaida. Halafu kimpe maneno ya kumtuliza."

"Maneno gani?"

Meneja alifikiri, akanywa funda moja. "Ombi lako limepokelewa."

Hakuwa mtu wa kupiga meza. Alikuwa mpole, alijua kuuliza habari za nyumbani na kungoja jibu, na mafundi waliokwisha kufiwa walikumbuka kwamba alifika matangani, akakaa. Alisimama pale pale na chai yake akimtazama Bofya anavyoandika, na Bofya, kama mtu yeyote anayetazamwa begani na mkubwa wake, aliandika haraka kuliko alivyopaswa.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa kazi hiyo tu, wengine hawalifahamu. Kila kitu kinachoonekana kwenye kioo kimekaa juu ya kingine. Kitufe kimekaa juu ya fremu, fremu juu ya dirisha, na dirisha juu ya kilicho nyuma yake. Kidole kikigusa kitufe kilicho hai, kitufe kinaumeza mguso na kazi imekwisha. Kitufe kilichozimwa hakimezi. Mguso unakipita kama maji yanavyopita kwenye chekeche, unamwendea aliye nyuma, na aliye nyuma asipoushughulikia unamwendea wa nyuma yake. Mwalimu wa Bofya alikuwa akiwaambia kila mara kwamba mguso haufi, unahama. Ndiyo maana fundi makini huweka kipande kitupu nyuma ya kitufe kilichozimwa, kazi yake kudaka na kunyamaza. Bofya alikijua kipande hicho vizuri. Siku hiyo hakukiweka, maana chai ya Meneja ilikuwa inakaribia kwisha.

Kesho yake, cherehani zilipokwisha kushika kasi, Bofya alihisi mtu amembonyeza mgongoni, chini kidogo ya bega. Aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na ukuta, kabati, na mzee wa mishahara aliyekuwa anachonga penseli. Alirudi kwenye kazi yake. Akabonyezwa tena, safari hii karibu na uti wa mgongo, kwa kidole kingine kilicho kipana zaidi. Kisha viwili kwa pamoja. Ilipofika saa ya chai blauzi yake ilikuwa inabonyea huku na huku, na mzee wa mishahara akasogeza miwani.

"Umeanza kubonyezwa, binti."

"Tangu asubuhi, mzee."

"Pole. Kule nilikokuwa kabla ya hapa, malalamiko ya wateja yalikuwa yanatokea kwenye bomba la maji. Unafungua unawe mikono, unasikia mama wa watu anadai mita yake. Ukizoea, unanawa tu."

"Mliyafanyia nini?"

"Tulibadilisha bomba," akasema mzee, akaendelea kuchonga.

Bofya alifahamu mara moja kilichotokea, na hakikumtisha. Alilikasirikia kosa lake, kama fundi ujenzi anavyokasirika akiona tofali moja limekaa upande. Alifungua programu ili aweke kile kipande cha kudakia, jambo la mistari miwili, na mikono ilikuwa imeshaanza kuandika. Ndipo alipobonyezwa mara mbili, harakaharaka, pale pale chini ya bega la kulia, akaacha kuandika.

Kidole hicho alikifahamu.

Mdogo wake, ambaye wote walimwita Pini kwa tabia yake ya kushika pini mdomoni hata akiwa anaongea, alikuwa anashona kola katika mstari wa tatu. Walipokuwa wadogo walilala kitanda kimoja, na choo kilikuwa nje, ng'ambo ya ua. Pini aliogopa giza kuliko alivyoogopa fimbo. Akibanwa, hakumwita dada yake kwa jina. Alimbonyeza mgongoni mara mbili, chini ya bega la kulia, na Bofya aliamka akiwa nusu usingizini, akamshika mkono, akampeleka, akamngoja nje ya mlango akimwimbia ili ajue hajaachwa. Na sasa Pini alikuwa na mimba ya miezi sita. Alikwisha kuugua njia ya mkojo mara moja, na daktari alimkanya waziwazi asibane hata kidogo, kwani ugonjwa ule ukirudi mtoto anaweza kuja kabla ya wakati wake. Daktari alilisema hilo mbele ya Bofya, Bofya akaitikia kwa kichwa kama ndiye mwenye mimba.

Na huyo huyo Bofya ndiye aliyekizima kitufe. Hakuwa amewaza. Alikuwa amekizima kwa wote, na akilini mwake wote walikuwa mistari ya watu, hakumwona ndani yake mtu mwenye pini mdomoni. Alifuta ile mistari miwili, akashuka ngazi.

"Namhitaji huyu juu," alimwambia nyapara wa mstari wa tatu. "Kioo chake kina hitilafu."

Nyapara hakuwa na neno la kuwaambia watu wa juu. Bofya alimshika mdogo wake mkono, akampeleka msalani, akamngoja nje ya mlango.

"Umejuaje?" Pini aliuliza alipotoka.

"Umenibonyeza."

"Mimi nimebonyeza kitufe."

"Ndiyo huko huko."

"Ahaa," alisema Pini, akarudi kwenye kola zake.

Mambo yakaenda hivyo. Akiguswa mara mbili chini ya bega, Bofya alishuka, akasema hitilafu, akampeleka, akamrudisha. Angeweza kukiwasha kitufe. Ilikuwa kazi ya neno moja, na usiku alipolala chali kwa sababu ya maumivu aliliwaza neno hilo. Lakini aliogopa kupoteza kazi yake, na woga, kama ujuavyo, haukosi sababu nzuri: msimu utapita, Pini anatoka, hao wengine ni watu wazima. Mgongo wake ulijaa alama nyekundu. Akajifunza vidole vyao bila kutaka. Mmoja alikuwa na plasta. Mmoja alibonyeza kwa kucha. Mmoja aligusa kidogo sana, kama anayeomba radhi kwa kuomba, na huyo ndiye aliyemuumiza zaidi kuliko wote.

Kulikuwa pia na mguso mgumu, wa duara, wenye ubaridi wa chuma. Huo ulikuwa wa mama mmoja mtu mzima wa mstari wa tatu, fundi wa vifungo, ambaye hakuvua kidoleni kastabini yake ya kukinga sindano hata wakati wa kula. Siku moja Bofya alipokuwa anamrudisha Pini, Mama Kastabini alimtazama bila kusimamisha mkono.

"Mwanangu, na mimi huwa nabonyeza."

"Najua, mama. Wewe unabonyeza na kastabini."

"Basi unanipata."

"Nakupata."

Bofya alijikaza kusubiri matusi, maana alistahili. Mama Kastabini alishusha pumzi tu, uso ukalainika, kama mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa wake amekula.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani napoteza kidole bure."

Hilo lilimshtua Bofya kuliko alama zote za mgongoni. Habari ilisambaa ukumbini kabla ya kengele ya jioni kwamba maombi yanafika, yanampata yule dada wa juu, anayahisi moja moja. Mafundi walitulia. Hakuna aliyesimama tena wala aliyeuliza. Wakibanwa walibonyeza, wakakaza mapaja, wakaendelea kushona na nyuso za watu waliosikilizwa. Mashati yalitimia, yakazidi.

Meneja alipoambiwa, alipanda ngazi na chai yake, akamwomba Bofya ageuke, akautazama mgongo wake kwa muda.

"Unaumia?"

"Kiasi."

"Pole sana, fundi. Nitakuletea kizibao cha sponji." Akanywa chai. "Lakini unaona? Sasa si uongo tena. Maombi yanapokelewa."

Mzee wa mishahara aliinua kichwa. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema, "lakini ukumbi mzima utamvunja binti wa watu uti wa mgongo."

"Ndiyo maana nimesema sponji," alijibu Meneja.

Kizibao kililetwa. Bofya alikivaa asubuhi moja, akakivua, kwa sababu alihofia asije akamkosa Pini.

Kisha wakaja wanunuzi. Walikuwa watatu, wenye viatu safi na kofia za plastiki walizogawiwa mlangoni, na waliwakilisha maduka ya mbali ambako mashati hayo yangeishia. Walitaka kuona kama mafundi wanatendewa utu. Meneja aliwatembeza kwenye vyombo vya kuzimia moto, akawaonyesha sanduku la huduma ya kwanza, akawapandisha ofisi ya juu, akamsimamisha Bofya mbele yao karibu na dirisha, na kioo kimoja cha mfano mkononi.

"Fundi wetu atawaelezea," alisema.

Bofya alianza na uzi. Akaenda kwenye mashine mbovu. Alipofika cha tatu, akabonyezwa mara mbili chini ya bega la kulia.

"Na hiki?" aliuliza mgeni mmoja, mama mwenye miwani na sauti ya upole. "Mfanyakazi akikibonyeza, nini kinatokea?"

Bofya alimtazama Meneja. Meneja alikuwa anatabasamu, na macho yake hayakuwa na tishio lolote, yalikuwa na matumaini tu, matumaini ya mtu anayekutegemea.

"Ombi linapokelewa," alisema Bofya.

"Na nani?"

Mara mbili tena, kwa nguvu zaidi. Blauzi ilibonyea hadi mgeni akaona.

"Samahani, hiyo ni nini?"

"Ni maombi," Meneja akawahi. "Hapa kwetu hayapiti kwenye makaratasi. Yanamfikia mtu moja kwa moja, mtu hai, papo hapo."

"Mwilini?"

"Mwilini."

Yule mama aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akawaambia wenzake kwamba viwanda vyote alivyotembelea vina mitambo tu, na hapa ndipo mahali pa kwanza alipokuta mtu anahisi. Wenzake walitaka kuona tena. Bofya alisimama, mgongo ukiwa umewaelekea, nao wakatazama. Mara mbili. Mara mbili. Alisema moyoni, nashuka sasa hivi, mdogo wangu, wacha huyu amalize swali lake. Wageni wakauliza kuhusu mwanga. Wakauliza kuhusu umri wa mafundi. Mara mbili. Ikaletwa soda, na haikuwa adabu kuondoka kabla ya soda. Kisha kidole cha Pini kikatua mara moja tu na hakikuinuka. Kilikaa pale chini ya bega, kikikandamiza, hata Bofya akasogea hatua mbele na soda ikamwagika kidogo kwenye mkono. Kikakaa. Kikaachia.

Wageni walipokwenda kuagana na Meneja kwenye ngazi, Bofya alishuka kwa mlango wa nyuma, mbio.

Pini alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, mgongo umenyooka, kola nusu imeshonwa chini ya sindano. Chini ya kiti palikuwa pameloa. Waliomzunguka hawakumtazama. Walikuwa wanashona na macho kwenye sindano zao, na kwa miguu, kimya kimya, walikuwa wanasukuma vipande vya vitambaa kuelekea kiti chake, kimoja baada ya kingine, vikanyonya. Mama Kastabini alikuwa ametandaza shati zima zuri, lenye vifungo vyote.

Uso wa Pini ulikuwa umepauka, midomo imekauka. Alikuwa anatetemeka.

"Nilikubonyeza, dada."

"Nilihisi."

"Najua ulihisi," alisema Pini. "Ndiyo maana sikupiga kelele."

Angependa kusema wageni, angependa kusema soda. Alimpangusa mdogo wake, akamfunga mtandio wake kiunoni, akamtoa nje mbele ya watu wote, na hakuna aliyeuliza hitilafu gani.

Homa ilipanda jioni ile ile. Siku zilizofuata Bofya alikaa kwenye benchi la hospitali akisikiliza viatu vya wauguzi, na mtoto akaja kabla ya wakati, wa kike, mdogo kiasi cha kulala kwenye mikono miwili ya nesi bila kupungukiwa nafasi. Alikuwa hai. Daktari alisema mapafu yake hayajakomaa, atakaa kwenye kisanduku cha joto, na mama yake atapaswa kuwa anakuja kumnyonyesha kila mara, kwa muda mrefu, bila kuzuiwa na mtu. Alipokuwa anasema hayo hakumtazama Bofya, lakini Bofya alijiona ametazamwa.

Aliporudi kazini alikaa kwenye kiti, hakuvua hata mkoba begani, akaandika lile neno moja. Kitufe kikawa hai. Mgongo wake ukanyamaza ghafla. Chini, taa zikaanza kuwaka mezani kwa manyapara, na wanawake wakainuka, mmoja hapa, mmoja pale, wakaenda msalani wakarudi. Wengine walikuwa wanacheka njiani. Bofya alisimama dirishani akilia, na mzee wa mishahara akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

Haikufika saa ya chakula. Meneja alipiga simu kwa fundi mwingine wa nje, wa mkataba, naye akakizima kitufe akiwa huko huko aliko. Mgongo wa Bofya ulipobonyezwa tena, aliketi ili akiwashe tena. Mahali pa kuwashia palikuwepo kwenye kioo chake, pana rangi ile ile nzuri ya kijani. Alipabonyeza. Pakadidimia vizuri. Chini yake yakatokea maneno: Ombi lako limepokelewa.

Alibonyeza tena, kwa hasira, kwa kidole chote. Ng'ambo ya ukuta wa kioo, ofisini kwake, Meneja alikuwa anaongea na simu. Alinyamaza kidogo. Akapeleka mkono nyuma, akajipapasa chini ya bega, kama mtu aliyezoea, akaendelea kuongea.

Bofya aliingia bila kubisha hodi.

"Mpwa wangu yuko kwenye kisanduku," alisema. "Kwa sababu ya kitufe hiki."

Meneja alikata simu. Macho yake yalilengwa na machozi, ya kweli kabisa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nimesikia. Nimeumia sana, fundi. Sana."

"Basi kiwashe."

"Wanunuzi wamepiga simu. Wameupenda mpango wetu. Wanataka uenezwe hadi jengo la pili. Sasa nikikiwasha, nitawaambia maombi yanapokelewa na nani? Na taa ya nyapara?" Akatikisa kichwa, kama aliyeulizwa jambo la kitoto. "Ila nakubaliana nawe kwamba mgongo mmoja hautoshi. Hilo nimeliona. Tunafungua chumba."

Chumba kilifunguliwa mwisho wa ujia wa juu, palipokuwa stoo ya vitambaa. Viliwekwa viti visivyo na egemeo, vimepangwa kwa mstari, vikitazama ukuta uliopakwa rangi ya kutuliza macho. Waliochaguliwa waliitwa wapokeaji. Masharti yalikuwa machache: nguo nyepesi, hakuna kizibao, kukaa wima. Birika la chai lilikuwa pale muda wote. Bofya alirudishwa kwenye programu zake, miguso ikahamishiwa huko, na alama za mgongo wake zikaanza kufifia. Alikuwa akizitazama kwenye kioo cha bafuni, akazionea haya kwa kuwa zinapona.

Asubuhi moja alipita mlangoni pa chumba hicho, akamwona Pini. Aliketi kwenye kiti cha tatu, amevaa blauzi nyembamba ya bluu, kikombe mkononi. Hakuwa na pini mdomoni.

"Pini! Nani kakuleta hapa?"

"Meneja alikuja hospitali. Alileta maua." Pini aligeuza uso, mgongo akauacha pale pale. "Hujambo, dada."

"Sijambo. Mtoto?"

"Ameongezeka. Naenda kumnyonyesha saa yoyote, narudi, hakuna anayeniuliza."

"Toka hapa, mdogo wangu. Nakuomba."

"Niende wapi? Nirudi kwenye kola?"

Blauzi ya bluu ilibonyea, alama ndogo ya duara, ngumu.

"Mama Kastabini," alisema Bofya.

"Ndiye. Ameanza mapema leo."

Ilibonyea tena mahali pale pale. Pini alisogea kidogo kwenye kiti, kama anayempisha mtu, akapuliza chai yake.

"Na akikubonyeza, wewe unafanya nini?"

"Nahisi."

"Halafu?"

"Halafu nini, dada? Kazi ni kuhisi." Hakukuwa na ukali katika sauti yake, alikuwa anauliza kweli, kama mgeni kazini anayetaka kufundishwa na aliyemtangulia. "Kwani wewe ulikuwa unafanya nini?"

Bofya aligeukia dirisha la ujia. Chini ukumbini alimwona Mama Kastabini, mdogo kwa mbali, ameinama kwenye vifungo vyake, ameyakaza magoti.

Pini alikunywa chai yake hadi tone la mwisho. Kisha akainuka, akaenda msalani, akarudi, akaketi.